Hatua Kumi Kati Yangu na Tata Onserio

Asubuhi ile walipokifunga kinu cha maji cha Mzee Makori ili watu wasikilizane, ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu. Naikumbuka kuliko hata siku niliyopasuliwa kichwa. Kinu kile kilikuwa kikisaga tangu kupambazuka, na sisi wa Keumbu tulikizoea mpaka hatukukisikia tena. Siku hiyo kilinyamaza kwa ajili yangu. Nilikaa juu ya gunia tupu, kichwa kimefungwa kitambaa, jicho la kushoto likitoa machozi lenyewe. Mbele yangu walikaa wazee watano wa kamati ya timu ya mpira. Pembeni alisimama mwalimu wetu, Tata Onserio, kwa sababu hakuna aliyempa kiti.

Mzee Makori, mwenye kinu na mwenyekiti wa timu, akaniuliza, "Ogaro, siku ya mechi ya Nyamira, ni nani aliyekuamuru urudi uwanjani na kichwa kimeumia?"

Nikajibu, "Tata Onserio."

"Ulimsikia kwa masikio yako mwenyewe?"

Nikasema, "Nilimsikia."

Sikumsikia. Wala sikuwa mtoto, nilikuwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu, na nilijua kusikia ni nini. Kwa neno hilo moja nilimwondoa mtu katika kazi aliyoijenga maisha yake yote. Sasa nakuandikia wewe uliyeanza kuongoza wenzako, iwe katika mpira au katika kazi nyingine yoyote ya kusimamia watu. Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo usinitafutie maneno mazuri. Nitakueleza kama ilivyokuwa, na majina nitayataja.

Tata Onserio hakuwa baba yangu wa kunizaa. Sisi tunasema tata kwa baba na kwa kila mtu wa rika la baba. Alikuwa amefanya kazi ya reli kule Kisumu na Nakuru, na huko ndiko alikojifunza mpira, akicheza na watu wa pwani na Wahindi. Aliporudi, kabla ya vita ile kubwa, wafanyabiashara wa soko la Keumbu walimwajiri awafundishe vijana wao. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akila kwa kazi ya mpira, kama mwingine anavyokula kwa useremala. Watu walimcheka sana. Mkewe, Mama Kerubo, alikuwa akimwambia mbele ya wapita njia, "Wenzako wanakwenda kulima wimbi, wewe unakwenda kupuliza ngozi ya ng'ombe!" Naye anajibu polepole, "Ngozi hii ndiyo inayokupa sukari ya chai, mama." Halafu anaendelea kuupaka mpira mafuta.

Alikuwa fundi, mwanangu, usimlinganishe na hawa wanaopiga kelele kandokando ya uwanja. Jumatatu alitukimbiza kutoka Keumbu mpaka Kiogoro na kurudi, njia ya milima, mikono nyuma. Jumanne hatukugusa mpira kabisa. Alimwaga punje za mahindi juu ya meza ya duka, mahindi ni sisi, maharagwe ni adui, akatuuliza mmoja mmoja, "Wewe hindi, beki wao akija hapa unakwenda wapi?" Ukikosea alilichukua hindi lako akalitafuna, na wenzako wanakucheka mpaka jioni. Alitufundisha pasi fupi za chini, kwa sababu viwanja vyetu vyote vina mteremko na mpira wa juu unaishia mtoni. Katika misimu mitatu hakuna timu iliyotufunga nyumbani. Waliomcheka sokoni wakaanza kumwamkia kwanza.

Kulikuwa na jambo moja tu lililokuwa gumu, nalo ni la kwetu Wakisii. Tuna heshima tunayoiita chinsoni. Aliyetahiriwa pamoja na baba yako ni baba yako. Hutaniani naye, humgusi mwili, hakuoni ukiwa nusu uchi wala wewe humwoni. Tata Onserio alitahiriwa na baba yangu msimu mmoja, na kwa wenzangu wengi ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo mahali tulipobadilishia nguo hakupakanyaga hata siku moja. Mchezaji akiumia paja, hakuweza kumshika paja. Wakati wa mapumziko alisimama mbali, ametupa mgongo, na kila neno lake lililetwa kwetu na kapteni, na kila neno letu lilirudishwa kwake na kapteni. Hatukuona ubaya wowote. Tuliona ndiyo adabu, na bado naiona ni adabu.

Kapteni alikuwa Elija Mokua. Huyo naye chinsoni ilimhusu kama sisi, lakini alikuwa akizungumza na Tata kwa ajili ya kazi, amevaa shati lake, macho chini. Alikuwa beki mzuri, sitamnyima hilo. Ulimi wake pia ulikuwa mzuri. Mzee Makori alimwahidi kwamba kombe la wilaya likija Keumbu, atampeleka kwa chifu awe karani. Sisi wote tulilijua jambo hilo, tukamtania. "Karani, nipigie muhuri hapa," tunamwambia, tunamwonyesha kisigino. Anacheka. Kumbe ndani hacheki.

Basi, ikafika siku ya fainali kule Nyamira. Tulikwenda kwa miguu, tukafika mvua imeanza. Mpira wa siku hizo ulikuwa wa ngozi na kamba, ukilowa unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mimi nilikuwa sentafowadi. Karibu na mapumziko ikapigwa kona, nikaruka, na beki wao akaruka. Tukagongana vichwa. Yeye alipasuka nyusi akatoka damu, watu wakamhurumia. Mimi sikutoka damu hata tone, nikaanguka tu, na nilipofungua macho niliona marefa wawili. Nikasimama. Nikaambiwa baadaye kwamba nilikuwa nikikimbilia goli letu.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Tukaingia katika migomba iliyokuwa nyuma ya goli, tukavua jezi tuzikamue maji. Tata Onserio alisimama njiani, ametupa mgongo kama kawaida yake, koti lake la reli begani. Nilizipima hatua zilizokuwa kati yetu miaka mingi baadaye. Zilikuwa kumi. Nikatapika juu ya majani makavu.

"Ogaro, vipi?" Mokua akaniuliza.

"Dunia inazunguka. Mwambie Tata siwezi."

Siku hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba. Mtu akitoka, mnabaki kumi. Mokua akaenda njiani, wakazungumza na Tata, akarudi. Akainama sikioni mwangu.

"Tata amesema urudi. Amesema aliyelelewa na wanaume hatoki kwa sababu ya kizunguzungu."

Kisha akarudi tena kwa Tata. Maneno hayo yaliniuma kuliko kichwa. Nilitaka kusimama nimwendee. Nimevua shati, mwanangu, na yule ni baba yangu. Nikamtazama mgongo tu. Nikavaa jezi, nikarudi. Mechi ilibaki sare, na katika dakika za mwisho mpira ule mzito ukanijia, nikaupiga kwa kichwa, ukaingia. Hilo goli sikuliona. Niliambiwa. Walinibeba mimi na kombe pamoja, wakiimba, na mimi sikujua nabebwa na nani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kikombe cha chai kilinidondoka mkononi. Nilimwita dada yangu kwa jina la mama. Kichwa kiliuma hivi kwamba nilikiegemeza kwenye ukuta wa udongo wenye baridi na kulia bila aibu. Baba yangu akanipeleka kwa omobari, yule fundi wa kwetu anayefungua vichwa. Serikali haikuwapenda watu wale, lakini baba aliwaamini. Yule mzee alininyoa, akanibonyeza kwa kidole gumba mpaka nikapiga yowe, akasema, "Ni hapa." Kaka zangu wawili walinishika mikono, mjomba akanishika miguu. Ilikuwa mchana kweupe, kuku wanadonoa karibu yetu. Alikata ngozi, akaikunja, akaanza kukwangua mfupa kwa kisu kidogo kilichopinda. Sauti yake huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno. Aliniambia, "Momura, kijana wangu, lia tu, hakuna anayekucheka." Nikalia. Alipomaliza akaweka dawa na samli, akanifunga. Maumivu yale makubwa yaliondoka. Jicho hili lisiloona vizuri na mkono huu unaotetemeka vilibaki.

Ndipo watu wakaanza kuuliza aliyesababisha. Baba yangu alikuja juu. Mzee Makori, ambaye siku ya fainali alicheza ngoma mpaka kofia ikaanguka, akaona lawama itafika mlangoni kwake, akaita kikao. Mokua alihojiwa kabla yangu. Alisema, "Mimi nilipeleka maneno kama nilivyopewa." Tata Onserio akahojiwa, akasema, "Mimi nilimwambia kapteni kijana akae. Kapteni akarudi akaniambia kijana amekataa." Mokua akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayemsikitikia mzee aliyesahau.

Wakabaki na maneno ya watu wawili. Ndiyo maana walinihitaji.

Nawe ungefanyaje? Nilikuwa nimelala siku nyingi nikitazama paa, nikirudia maneno yale ya kizunguzungu na kulelewa na wanaume. Nilimchukia. Ningesema kweli, kwamba nililetewa maneno na Mokua, kesi ingekuwa bado wazi. Lakini nilitaka ifungwe. Nikasema nilimsikia. Tata Onserio akageuza uso akanitazama. Hakuniita mwongo. Alitazama kitambaa kichwani mwangu, akavua kofia, akawaambia wazee, "Ikiwa kijana amesema hivyo, sina la kuongeza."

Wakamfukuza siku hiyohiyo. Kinu kikafunguliwa.

Alikwenda Kericho, kwenye mashamba ya chai, akapata timu ya wafanyakazi. Habari zikamfuata. Wakisii wa huko waliwaambia wenzao, "Huyo ndiye mwenye kupasua vichwa vya watoto wa watu." Hakumaliza msimu. Akajaribu kwingine, ikawa hivyo. Hatimaye akarudi kwao Nyamira, akashika jembe alilokuwa akichekwa kwa kutolishika. Mtu yule ambaye angeweza kukuonyesha kwa punje tano za mahindi namna ya kumfunga mtu aliyekuzidi nguvu, alimaliza miaka yake akipalilia wimbi. Mokua akawa karani.

Miaka ikapita, vita ikaja ikaisha. Mimi vitani hawakunichukua, kwa ajili ya kichwa. Kuoa nilichelewa kwa sababu hiyohiyo. Siku moja nilikwenda Nyamira kununua mbao, mvua ikanishika, nikajikinga kwenye baraza ya nyumba. Mama Kerubo akatokea. Amezeeka. Akanitazama kofia ninayofunikia kovu, akajua.

"Umekuja kutuondolea nini tena?" akasema. "Jembe?"

 Kutoka ndani sauti ya Tata Onserio ikasema, "Mpe kiti."

Tulikaa, yeye ndani karibu na mlango, mimi nje barazani, kila mtu akitazama upande wake, kama inavyotakiwa. Aliuliza habari za baba yangu, za mvua, za mahindi ya Keumbu. Kisha akasema, "Ogaro, nikuulize jambo moja. Siku ile kinuni ulisema ulinisikia. Nilikuwa nimesimama wapi uliponisikia?"

Mwanangu, nimekwanguliwa mfupa wa kichwa na sijapata maumivu kama hayo.

"Tata," nikasema, "sikukusikia. Niliambiwa na Mokua."

 Mama Kerubo aliyekuwa akichambua mboga aliacha.

"Alikuambia nini?" Tata akauliza.

Nikamwambia yote, kizunguzungu, na kulelewa na wanaume. Nikamsikia akipumua.

"Mimi nilimwambia akuambie uvae koti langu ukae chini, tucheze kumi. Nikamwambia kombe litakuja mwaka mwingine. Akarudi, akasema, 'Ogaro anakataa, anasema ukimtoa atakuwa amedharauliwa mbele ya Nyamira.' Nikafikiri, ni mwanamume, ni mwana wa rafiki yangu, sitamwaibisha." Akakohoa. "Ningegeuka tu. Ningekuona ukitapika. Hilo ni langu, na sijamwachia mtu mwingine. Lakini la kinuni ni lako."

Nikamwomba msamaha nikiitazama mvua. Akasema amenisamehe, akasema pia msamaha wake hautanirudishia mimi jicho wala kumrudishia yeye timu. Ndivyo alivyozungumza siku zote, hakukupaka mafuta.

Sikutaka tena kuamini neno la mtu mmoja, hata lake. Nikaenda Kisii mjini kumtafuta Salimu. Huyu alikuwa kipa wetu, mtoto wa Waislamu wa mjini, wenye duka la nguo. Kwake chinsoni haikuwa kizuizi, siku ile alikwenda njiani kumwomba Tata kitambaa cha kufunga kidole.

"Wallahi, Ogaro, nilimsikia," akaniambia, mkono juu ya robota la khanga. "Alisema 'avae koti langu akae.' Alilitoa begani kabisa, akampa Mokua. Mokua akalikunja kwapani, akaja kwenu migombani, kisha akamrudishia."

"Na kwa nini hukusema?"

"Uliporudi uwanjani nilijua umekataa mwenyewe. Wewe kwa ubishi hujambo! Siku ya kikao nilikuja mpaka mlango wa kinu. Mzee Makori akaniambia, 'Haya ni mambo ya Wakisii, bwana, rudi kwenye vitambaa vyako.' Nikarudi." Akaona ninavyomtazama. "Usinitazame hivyo. Mimi sikuulizwa. Wewe uliulizwa."

Basi nikajua sina budi kusema kweli mbele ya watu. Lakini nilichelewa tena, nikisubiri baba yangu atulie, nikisubiri mavuno. Tata Onserio akafa. Kwenye mazishi nilisimama, nikavua kofia watu waone kovu, nikasema mbele ya wote kwamba nilidanganya, kwamba marehemu aliniamuru nikae, na aliyegeuza maneno ni Elija Mokua. Mokua alikuwapo, mbele, amevaa suti, kwa kuwa sasa yeye ndiye anayetoa kombe kila mwaka. Hakukasirika. Aliinuka taratibu, akawaambia watu kwa huruma kubwa, "Ndugu zangu, tumvumilie Ogaro. Mnajua kichwa chake kilifunguliwa. Hakijafunga vizuri." Watu wakacheka kidogo, kwa adabu ya mazishi. Nikakaa.

Mwanangu, heshima ya wazee ishike, usiitupe. Lakini ukiwa chini yao na mwili wako unaumia, vaa shati lako, nenda hatua zako, useme kwa kinywa chako. Ukiwa wewe ndiye mkubwa, geuka utazame unaowatuma. Usikubali mtu mmoja awe ulimi wa watu wawili wasioonana. Ukiitwa kushuhudia, toa ulichokisikia wewe, na ulicholetewa useme kimeletwa na nani, hata kama unamchukia anayehukumiwa. Hasa kama unamchukia. Kwa wale utakaowafundisha, usiwahesabie makombe kabla ya vichwa vyao.

Mungu akupe macho mawili mazima ya kuwatazama watu wako, akupe wazee watakaokusikiliza na vijana watakaokuambia kweli, na jina lako litajwe vizuri pale usipokuwapo.

Nawe Elija Mokua, najua waraka huu utafika mezani kwako, kwa sababu kila karatasi ya Keumbu hufika hapo. Mzee Makori ameshakufa, Salimu ameshasema, mimi nimeshasema ukaniita kichaa. Watoto wa Tata Onserio bado wanaitwa watoto wa mpasua vichwa, na mmoja wao amenyimwa mchumba kwa jina hilo. Siku ya kutoa kombe utakuwa umesimama mbele ya timu zote mbili na wazee wa pande zote mbili. Kabla hujalikabidhi, waambie ulipewa koti la nani, ulipewa la kumvika nani, na kwa nini ulilirudisha. Mimi nitakuwa mstari wa mbele, bila kofia. Nataka nisikie kutoka kinywani mwako.